Mkalimani Aliyekiri Hajasikia

Habari ya kifo chake ilinikuta Mulongo, nikisubiri mtumbwi ambao mwenyewe alikuwa akisema "sasa hivi" tangu asubuhi. Aliileta mchuuzi wa samaki wakavu aliyetoka Kamina kwa baiskeli. Alishuka, akanywa maji, akanitazama kidogo kama mtu anayepima mzigo, kisha akasema: "Ule Papa wenu wa Kiingereza, ule wa pua, ameshaenda." Sikuuliza ni nani. Kwetu kila mzee wa heshima ni Papa, lakini Kamina ilikuwa na Papa mmoja tu wa Kiingereza cha pua. Nikamwachia mwenye mtumbwi mto wake, nikatafuta pikipiki. Wasomaji wangu wananijua: mimi ni mtu wa kukaa mji mmoja mpaka viatu vianze kuwasha, halafu naondoka bila kujua vizuri ninakokwenda. Safari hii nilijua.

Nilifika siku ya kuondoa matanga, na kabla sijaona watu nilisikia vicheko. Kwetu wajukuu wana ruhusa ya kuuchezea msiba, na wajukuu wake hawakuwa wamemwonea marehemu huruma hata kidogo. Mmoja alivaa koti lake la reli lililomfika magotini. Mwingine alishika mwiko kama maikrofoni, akaibana pua kwa vidole viwili, akaanza kuhubiri kwa lugha isiyokuwa ya taifa lolote, huku wa tatu akimtafsiria kwa Kiswahili: "Anasema hivi: njaa inaniuma, mama wa matanga alete bukari na mboga!" Watu walikuwa wanajifuta machozi ya kucheka. Mjane, aliyekaa mkekani na kitambaa kichwani, aliwasikiliza kama mwalimu anayesahihisha daftari. "Hapana vile," akawaambia. "Bwana yangu alikuwa anaivuta zaidi. Anza tena." Nikajua nimefika mahali pazuri pa kumlilia rafiki.

Kwa wale wasiomfahamu, huyu alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtoto wa fundi wa reli, mwenye mikono iliyokuwa na grisi hata siku ya Noeli. Kiingereza hakukipata shuleni. Kabla ya kuajiriwa alifanya kazi miaka minne na Mwamerika mmoja aliyekuwa akitengeneza magari ya misheni, na kwa miaka hiyo yote walizungumza wakiwa wamelala chali chini ya malori. Yule mzungu alisemea puani, basi naye akasemea puani. Tangu hapo, kila walipofika wageni kutoka Amerika, wawe wahubiri au wachimba visima, mtu alitumwa karakana kumwita. Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mkalimani mwingine: aliamini kwamba mkalimani habebi maneno peke yake, anabeba na sauti. Kwa hiyo hata Kiswahili chake, akiwa jukwaani, kilipitia puani. Mungu mwenyewe, akitafsiriwa na yeye, alikuwa Mwamerika mwenye mafua.

Watu walimpenda hivyo. Mara moja aliugua, nafasi yake ikachukuliwa na mwalimu kijana aliyesoma Zambia, Kiingereza chake kimenyooka kama reli mpya. Baada ya ibada mama wazee walitoka wakitikisa vichwa. "Ile ni Kiingereza ya Zambia," alisema mmoja. "Haiko na mafuta." Mimi pia nilikuwa mwanafunzi wake, uani kwake, jioni, na nikaitembeza pua yake mbali. Ndola waliniita mchungaji kabla sijaomba maji ya kunywa. Kigoma, mwenye nyumba ya wageni aliniuliza kama nimekuja kuchimba kisima, na nilipomjibu kwa Kiswahili cha Kamina alicheka hata zaidi. Kila mahali walisikia ile sauti kwanza na kuniwekea mtu ambaye si mimi: tajiri, mtu wa Mungu, tapeli. Hakuna aliyesikia fundi wa karakana chini ya lori.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka kuwasimulia. Nilikuwa nimerudi Kamina kwa muda, nikisaidia kupanga mabenchi. Kulikuwa na muuguzi Mwamerika aliyekuja kuwafundisha wakunga wetu jinsi ya kumwokoa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mwaka ule tulikuwa tumezika akina mama kwa sababu hiyo, na mmoja wao alikuwa dada wa mkunga aliyekaa benchi la mbele. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Waliokuja kujifunza walikuwa wachache. Wengi walikuja kumsikia Papa na pua yake.

Muuguzi akaingia, na watu wakaanza kutazamana. Alikuwa mama mweusi, mnene, mwenye uso ambao ungeukuta soko lolote la Kabongo. Mkunga mmoja alimsalimu kwa Kiluba, akangoja kuitikiwa. Yule mama akatabasamu, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikupita puani hata kidogo. Ilikuwa nzito, ya polepole, inapanda na kushuka, maneno yanaegemeana kama watu waliochoka wakitoka shambani.

"Huyu haiko Mwamerika," akasema mtu nyuma yangu.

"Iko mutoto wa Kabongo huyu," mwingine akamjibu. "Bamemuvalisha tu miwani."

"Acheni kelele, Papa atatuambia."

Papa alikuwa amesimama kando ya muuguzi, koti limepigwa pasi, na nilimwona akifanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya: alimtazama mgeni mdomoni. Mimi niliyemjua nilielewa, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimeshika hata sentensi moja. Kilikuwa Kiingereza, ndiyo. Kilikuwa cha Amerika. Lakini haikuwa Amerika yake. Muuguzi akamaliza maneno yake ya kwanza, akamgeukia, akangoja. Watu wote wakangoja.

Lazima mwelewe alichokuwa nacho mkononi dakika ile. Katika mahubiri, aliniambia zamani, neno likimpotea alikuwa anaweka Haleluya na mambo yanaendelea. Hakuna aliyewahi kujua. Angeweza kufanya vile vile siku ile: kuvuta pua, kusema juu ya usafi na maji ya moto, na wote tungerudi nyumbani tumefurahi. Jina lake lingebaki zima. Alitazama benchi la mbele, akamwona yule mkunga na daftari lake limefunguliwa, kalamu tayari. Akavua kofia.

"Bandugu," akasema, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani. "Minyi, mukalimani yenu, sisikie. Huyu mama anasema Kiingereza ya kweli, na minyi sisikie. Nikiwaambia kitu leo, itakuwa bongo, maneno ya uongo, na kwa bongo yangu mutu atakufa. Mutupe mpaka kesho."

Kulikuwa na minong'ono, tena mingine ya ukatili. "Kumbe miaka yote alikuwa anatudanganya!" Mtu mmoja alicheka kwa sauti. Yule mkunga wa mbele hakucheka. Alifunga daftari, akasema kwa utulivu, "Kesho ni karibu, Papa." Nami naamini neno hilo ndilo lililomwezesha kutoka pale akitembea wima.

Mchana ule Papa alimpeleka mgeni nyumbani kwake, akamketisha uani karibu na mkewe, katikati ya magunia mawili ya karanga za kubambua. Nilijikaribisha. Alimwomba mgeni aseme tu, aseme chochote, naye abambue na kusikiliza. Mgeni alikubali kwa furaha. Alikuwa mtu wa kusema. Lakini saa nzima ikapita na Papa alikuwa bado amekunja uso, anakimbiza maneno kama kuku waliotoka bandani. Hapo mkewe, ambaye Kiingereza hakijui hata cha salamu, akasema bila kuinua macho kwenye karanga:

"Weye unakimbilia nini? Huyu mama anasema sawa beye ba kwetu ku mto. Usikamate maneno. Kamata wimbo kwanza, maneno itakuya yenyewe."

Mkewe alitoka Mulongo. Watu wa mtoni wanakivuta Kiluba chao, wanakipandisha mwishoni, na sisi wa Kamina tumewacheka kwa hilo tangu zamani. Papa mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa kumwigiza mkewe mbele ya wageni. Ndoa yao yote ilijaa mchezo huo. Aliweka karanga chini. "Yee, mama," akasema pole pole, "imba basi kidogo." Na mama akaanza kusimulia kwa Kiluba cha mtoni jinsi posa ilivyoletwa kwao, na mgeni akamfuata kwa Kiingereza chake akisimulia jambo la kwao, wakapokezana hivyo, wawili wasioelewana neno, na sauti zao zikipanda na kutua mahali pale pale. Sijui nieleze vipi. Nilisikia kwa masikio yangu mahali anapopumzika mgeni, na palikuwa mahali anapopumzika mama wa Mulongo. Kufikia gunia la pili Papa alikuwa anacheka kabla mgeni hajamaliza kichekesho chake.

Ndipo mgeni naye akatuambia jambo. Alisema kwao kusini mwa nchi yake, alikokulia, husema hivyo wote, lakini alipokwenda kusomea kazi katika mji mkubwa wa kaskazini, watu walimsikia na kudhani hakusoma. Daktari mmoja alimwambia ajifunze kusema vizuri kwanza. Alijifunza, ile sauti nyingine anaiweza, hata ya pua, akatuonyesha, nasi tukaangua kicheko, maana alikuwa Papa mtupu. Mkewe Papa akauliza amesema nini. Papa akamtafsiria. Mama akabambua karanga mbili tatu, halafu akasema: "Muambie hapa asiseme ile ya kujifunza. Hapa aseme ya mama yake." Papa alitafsiri akimtazama mkewe, si mgeni. Nadhani alijua sehemu ya maneno yale haikuwa ya mgeni.

Kesho yake ukumbi ulijaa zaidi, kwa kuwa hakuna kinachokusanya watu kama matumaini ya kuona mtu akishindwa mara ya pili. Papa alianza kazi kwa namna mpya. Mgeni akisema, alimrudishia kwanza kwa Kiingereza alichosikia, mgeni akaitikia au akasahihisha, kisha ndipo akatuambia kwa Kiswahili, na wakunga wakarudia kwa Kiluba wakiwa wameweka mikono juu ya tumbo la mwenzao aliyejilaza mezani: hapa, kwa nguvu hii, usiache, na mwingine akimbie kutafuta gari. Ilikuwa polepole. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mzee wa reli.

"Papa, weka pua!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tulikuya kusikia pua!"

"Pua niliiacha ku nyumba," akajibu bila kugeuka. "Leo nilikuya na masikio."

Hata mgeni alicheka, ingawa alikuwa hajatafsiriwa.

Nimesafiri tangu siku hiyo, na nimeona jinsi lafudhi ya Amerika ilivyokuwa vazi ambalo kila mtu anataka kulijaribu. Siku hizi huhitaji kulala chini ya lori na mtu miaka minne. Vijana wa Kamina wanaipata kwenye simu, na baadhi wanaiweza kuliko marehemu. Siwalaumu, mimi niliivaa mpaka Kigoma. Ni lafudhi ya kufurahisha mdomoni, kama kutafuna muwa. Lakini ukisikiliza vizuri utaona kwamba wote wameiga mtu mmoja yule yule, na wanadhani Amerika nzima ina kinywa kimoja. Sisi tunaotofautisha mtu wa Malemba-Nkulu na wa Kamina kwa neno moja la salamu, tena tukamcheka, twaweza vipi kuamini nchi kubwa namna ile ina sauti moja? Na tukishajua kwamba huko nako wako wanaochekwa kwa sauti ya mama yao, kicheko chetu sisi kinabaki na maana gani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yule alikuja na dawa ya wakunga, na nyumba moja ikapona ugonjwa ambao haikujua inao. Papa hakumwigiza mkewe tena mbele ya watu. Mkewe alilalamika kidogo. Alisema nyumba imekuwa kimya.

Mimi nilidhani jina lake la mkalimani limekwisha siku ile alipovua kofia. Nilikosea. Wageni wa Amerika walipungua, lakini watu waliendelea kutumwa kumwita. Familia mbili zikigombana juu ya shamba, moja ya upande wa Sanga na nyingine ya mjini, walimtaka Papa akae katikati. Posa ikikwama, walimtaka Papa. Kote huko Kiingereza hakikuwa na kazi. Siku ya matanga nilimuuliza yule mkunga wa benchi la mbele, sasa mama mtu mzima mwenye wanafunzi wake, kwa nini walimwamini hivyo mtu ambaye aliwahi kusimama mbele ya mji mzima na kusema hajui.

"Njo sababu yenyewe," akanijibu, akishangaa swali langu. "Wengine boote banasemaka banasikia. Yeye, akisema amesikia, tulijua amesikia."

Basi, wasomaji wangu, tujifunze lugha zote tutakazoweza, na tuzivute puani tukipenda, maana dunia ina raha zake. Lakini kabla ya kufungua kinywa kwa niaba ya mtu mwingine, tuwe na ujasiri wa kumgeukia na kumwambia: sijakusikia bado, sema tena.