Kalamu Iliyolala Mezani

Nilifundishwa kulaza kalamu katika wiki yangu ya pili ya kazi. Mkuu wetu alikuwa bwana mmoja nadhifu aliyekuja Arusha kufungua ofisi ya ushauri wa kompyuta baada ya kufanya kazi miaka mingi Nairobi. Alitukalisha wahitimu sita kwenye chumba cha ghorofani, si mbali na mnara wa saa, akatupa siri ya kazi. Ukimhoji mtu huku unaandika, alisema, atakupa jibu la kukupendeza. Ukiona amekaribia penye maana, laza kalamu mezani, egemea kiti, muulize habari za watoto wake. Atasema. Ukishatoka, andika yote kabla hujasahau.

Wenzangu walicheka. Mimi niliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa au yanasubiri kuuzwa, na kila shirika lilitaka kompyuta ili mnunuzi akija alikute limejipamba. Ofisi yetu iliishi kwa haraka hiyo. Ilichukua vijana waliotoka chuoni, ikawafundisha kwa mwaka mmoja, kisha ikabakiza wanne kati ya sita. Msichana nilikuwa peke yangu. Nyumbani kwetu ni juu ya Makumira, kwenye miteremko ya Meru, ambako mama yangu alilima kahawa na migomba, na mimi nilipanga chumba Levolosi na kutembea kwenda kazini na viatu vya kisigino kirefu kwenye barabara ya mawe, nikiwa nimebeba vya pili kwenye mfuko kwa sababu vya kwanza vilikuwa havifiki na heshima zake. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Niliamini kompyuta ni kitu cha watu wenye akili, na kwamba wenye akili tulikuwa sita tu mjini, na kati ya hao sita watano walikuwa wa wastani.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa katika shirika moja lililokuwa nje kidogo ya mji, jina nitaliacha. Walitaka masjala yao, yaani chumba cha mafaili, iingizwe kwenye kompyuta. Pamoja na hilo tuliombwa tuandike ripoti: nani anafanya nini, na kwa muda gani. Nilifika na fomu zangu, nikafungua mlango wa masjala, nikakuta anayekaa mle ni mama mmoja wa usharika wetu.

Alikuwa amenijua tangu nabebwa mgongoni. Kanisani alikaa benchi la tatu upande wa akina mama, na kwenye kwaya yao sauti yake ndiyo iliyowashika wengine wasipotee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ni wewe ndiye mtaalamu tuliyeambiwa? Basi Mungu ni mwema. Nilidhani watatuletea mtu mkali."

Alinipa kiti chake, yeye akakalia stuli. Wiki ile yote alinifundisha masjala, na sijui kama nilimshukuru hata mara moja. Watu hawakuja pale na namba za mafaili, walikuja na habari. Mtu aliingia akasema anataka lile faili la yule bwana aliyegombana na dereva kuhusu tairi, na mama alinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akalitoa. Mengine aliyaandika kwenye kaunta buku yenye jalada lililovalishwa gazeti: nani kachukua nini, lini, na kwa nini alikuwa na haraka. Mimi niliona vichekesho. Nilimwambia kwa mfumo wangu kila faili litakuwa na namba na hakuna atakayehitaji hadithi. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mtoto akieleza jinsi atakavyojenga ghorofa.

Siku moja alifungua mtoto wa chini kabisa wa meza yake, akanionyesha kitenge kilichokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa cha kijani, na ndege wa njano. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na hicho kilikuwa cha kushona gauni la siku hiyo. Shirika lile lilikuwa na desturi ya kuwaaga wastaafu. Uliwekwa wali na soda, meneja alisema maneno, mstaafu akapewa saa ya ukutani, kisha akapandishwa gari la meneja akapelekwa hadi mlangoni kwake huku wenzake wamesimama getini wanapunga. Mama alikuwa ameyatafuta mafaili ya wote walioagwa kwa miaka mingi, na kila mara alisimama getini akapunga.

"Na mimi nitoke hivyo," alisema. "Kwa geti kubwa, nimekaa kwenye gari. Majirani waone kwamba sikuwa nacheza huku mjini."

Nilisema kitatoka gauni zuri sana. Hilo nililisema kwa moyo.

Makarani wengine niliwahoji kwanza. Wote walinidanganya, tena bila haya. Karani wa stoo alinieleza kwamba hapati hata nafasi ya kupumua, na huku ubao wa drafti na vizibo vyake vya soda ulikuwa wazi mezani, zamu ikiwa ni yake. Niliandika: kazi nyingi, siku nzima. Sikujisumbua kumlazia kalamu. Huyu alikuwa anakusomea uongo usoni, na mimi nilitaka kitu cha kumpelekea mkuu, kitu ambacho wale watano hawakuwa nacho.

Mama wa masjala nilimwacha wa mwisho. Ilikuwa Julai, baridi, mlima umefunikwa na wingu tangu juzi yake. Alimimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akanipa kikombe chenye mfuniko na yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa. Nilijaza fomu ukurasa wa kwanza. Halafu nikalaza kalamu, nikaegemea, nikamuuliza habari za watoto.

Aliniambia kuhusu binti yake wa mwisho aliyekuwa anasomea uuguzi. Akaniambia kuhusu goti lake. Kisha akatazama mafaili, akashusha pumzi.

"Mwanangu, wewe nisikufiche. Zamani humu tulikuwa watatu na hatukuwa na pa kuweka mguu. Siku hizi shirika lenyewe limepoa. Ikifika saa tano asubuhi mimi nimemaliza. Baada ya hapo nasoma Biblia yangu, nashona vitambaa, naitika akija mtu. Na hiyo mashine yako ikiingia, mh! Sijui watakuwa wananihitajia nini mtu mzima." Akacheka. Ndipo akaiona kalamu. "Lakini hayo si ya kuandika, eti?"

"Hapana mama. Hapa tunaongea tu."

Nilimaliza chai, nikamrudishia kikombe, nikatoka. Nje ya jengo kulikuwa na ngazi tatu za saruji. Nilikaa kwenye ile ya katikati nikaandika kila neno.

Nimejaribu mara nyingi kujitafutia sababu, na kila sababu niliyoipata ilikuwa ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikumchukia. Hakuna aliyenishikia kiboko. Mkuu wangu, ambaye ningependa sana kumtwika mzigo huu, alinipa hata mlango wa kutokea. Aliisoma rasimu yangu amesimama dirishani, akafika pale, akanitazama juu ya miwani.

"Haya amekuambia rasmi, au mlikuwa mnaongea tu?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, na lilikuwa fupi. Lakini alikuwa ametoka kusema, mbele ya wenzangu, kwamba hoja hii imechimbwa vizuri. Hakuwahi kumwambia hivyo mtu mwingine. Nilisema, "Rasmi."

Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, na sentensi ile niliitunga mwenyewe. Ilisema kwamba mhusika mwenyewe amekiri kazi yake haizidi saa tatu kwa siku. Amekiri! Kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Niliisoma mara mbili nikaona imekaa vizuri.

Barua za kupunguzwa zilitoka siku ya Ijumaa. Siku hiyo mimi nilikuwa masjala, nimepiga magoti chini ya meza naunganisha nyaya za kompyuta, nimevaa sketi yangu nzuri na vumbi limenijaa hadi kwenye nywele. Niliona miguu yake ikiingia, ile yenye goti bovu, ikasimama. Nilitoka chini ya meza nikiwa nimeshika bisibisi. Alikuwa na barua mkononi, imefunguliwa. Barua iliandikwa Kiswahili safi, na nilipoitupia macho niliona maneno waliyoyatoa kwenye ripoti: kwa mujibu wa maelezo yako mwenyewe kwa washauri. Makarani wote wanne waliodanganya walibaki. Karani wa stoo aliongezewa hata msaidizi.

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru sana kama angenitukana. Alizunguka meza taratibu, akafungua mtoto wa chini, akatoa ule mfuko wa nailoni akauweka kwapani. Akatoa miwani yake, na Biblia, na kikombe chenye mfuniko. Kisha akachukua ile kaunta buku akaniwekea juu ya kompyuta.

"Hii utaihitaji," alisema.

Nikasema, "Mama, mimi…"

"Kalamu si uliilaza, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha macho yake hayakumdanganya. Halafu akatoka kwa geti dogo la nyuma, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na kituo cha basi, na getini hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mwaka walibakizwa wanne, na jina langu lilisomwa la kwanza. Niliwanunulia wenzangu nyama choma na nikacheka kuliko wote. Mfumo wangu nao ulifanya kazi kama nilivyoahidi: ukiwa na namba, unapata faili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na namba. Kaunta buku ilipotea katika wiki ya kwanza, nadhani mtu aliwashia jiko. Baadaye dereva wa shirika alinisimulia kwamba meneja alikwama kwa sababu ya faili moja la kiwanja ambalo wanunuzi walilitaka siku hiyohiyo, na gari lake likatumwa kumfuata yule mama nyumbani. Kwa hiyo kwenye gari la meneja alikaa, kweli. Alifika, akauliza ni lile la bwana yupi, akalitoa ndani ya dakika chache, akanywa chai, akarudishwa. Dereva alinisimulia kama kichekesho, na nilijitahidi kucheka.

Usharika wetu niliukimbia. Nilisali mjini, kwenye ibada ya Kiingereza, ambako hakuna mtu aliyenijua tangu nabebwa. Mama yangu aliuliza, nikasema kazi. Kila Krismasi nilimtumia mama wa masjala sukari na kanga kupitia kwa mama yangu, na kila Krismasi mama yangu alirudi na mkungu wa ndizi na salamu: anashukuru sana, anasema usijisumbue. Mama yangu hakujua lolote. Aliniambia nina bahati ya kupendwa na watu wazima.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijaenda tena, na nilikwenda siku ya mavuno, kwa makusudi, nikiwa na pesa mkobani. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada, kama kawaida yetu, kununua mazao yaliyotolewa sadaka. Mtu anaweza kununua kitu akabaki nacho, au akamnunulia mwingine kwa heshima, na wote wanapiga makofi. Hilo ndilo nililolipanga. Sikuwa na ujasiri wa kwenda mlangoni kwake nikasema nilikosa, lakini mbele ya watu wote, kwa sauti, ningeweza kununua.

Nilimwona amesimama karibu na ukuta, amenenepa kidogo, anategemea fimbo. Gauni lake lilikuwa la kijani, na ndege wa njano walikuwa wamefifia kwa kufuliwa.

Mzee wa kanisa aliinua jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa jani la mgomba. Nilitaja bei. Mtu akapandisha, nikapandisha, hadi watu wakaanza kugeuka na wengine wakaguna. Nilipobaki peke yangu nilisema, na sauti ilinitoka nyembamba kuliko nilivyotaka, "Namnunulia mama yangu wa masjala."

Walipiga makofi. Mama yangu alikuwa anang'aa. Yule mama alikuja mbele pole pole, akampokea jogoo kwa mikono miwili, akamshika kifuani kama anavyoshikwa mtoto. Alinitazama. Nilikuwa nimesubiri kutazamwa hivyo miaka mingi, na nilipotazamwa niliangalia viatu vyangu.

"Nakushukuru sana, mwanangu," alisema kwa sauti yake ile ya kwaya, kila mtu akasikia. "Na mimi namrudishia Bwana. Auzwe tena."

Ni desturi. Watu hufanya hivyo kila mnada, na husifiwa. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, na mama yangu aliniinamia akaninong'oneza, "Unaona? Huyo mama ana moyo."

Jogoo aliuzwa mara ya pili kwa chini ya nusu ya bei yangu, akachukuliwa na mwalimu wa kwaya. Nilipiga makofi pamoja na wengine, hadi wakanyamaza.