Mfalme wa Nusu Saa

Gemu lile nililiona Korogwe, enzi zile kila mwenye chumba karibu na stendi alikuwa anaweka kompyuta na kutoza kwa nusu saa. Aliyenipeleka ni mshirika wangu wa kibanda cha mitumba. Mimi Mzigua wa Kang'ata, yeye Mnyamwezi, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hukutukana mchana kutwa wala huruhusiwi kununa.

Nilitegemea bunduki. Sikuona hata kisu. Nilipewa ufalme na washauri saba. Nikawahesabu tena, saba. Kazi yenyewe ni kula nao, kuozesha mabinti, kumnong'oneza huyu habari za yule. Nikasema hii si vita, hiki ni kikao cha harusi. Mwenzangu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa na afadhali, akawa ananisomea.

"Huyu mweka hazina anasema una kichwa kama boga."

"Mwache. Huyo mtani wangu."

Nikamwongezea jimbo. Waliokuwa wakiinama na kunisifu ndio niliowafunga, maana sokoni anayesifu sana shati lako hanunui. Nusu saa haijaisha, mweka hazina amekaa kwenye kiti changu.

Tulipofika kwa mama muuza chai, mwenzangu akawasimulia wachuuzi wote.

"Mzigua huyu, hata ufalme wa bure umemshinda. Kibanda nacho nitakichukua."

"Chukua," nikasema, "na panya wake."

Wakacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Leseni ya kibanda ilikuwa karibu kuisha. Kila mwaka yeye ndiye aliyekwenda kuikata, kwa majina yetu mawili. Safari hii ilitoka na jina moja. Nikaenda ofisi ya soko. Karani akataka mashahidi. Nikawapeleka wale wale wa chai. Hawakusema uongo: walinisikia nikisema chukua.

"Ulikuwa utani," nikamwambia karani.

"Basi nenda ukacheke, kaka."

Tangu hapo nilitembeza nguo begani, nyumba hadi nyumba, hadi kota za wafanyakazi kule Hale. Huko wanasifu sana mashati.

Mama yangu alipofariki, mtani wangu huyo huyo akaja Kang'ata. Akajilaza kwenye njia ya makaburini, jeneza lisipite mpaka alipwe. Ndiyo haki yake, na mimi ndiye wa kutoa.

"Mfalme, lipa ushuru."

Waombolezaji wakacheka, hata shangazi aliyekuwa hajala tangu jana yake alicheka. Nikatoa. Akainuka, akajifuta vumbi, akashika jeneza upande wa mbele na kulibeba vizuri kuliko ndugu zangu wote.

Nilitembea nyuma yake hadi kaburini. Shati alilovaa nililijua. Lilitoka kwenye belo letu la mwisho, lile shati la miraba tuliloliweka pembeni tukisubiri mteja wa maana.