Kitambaa cha Fundi

Fundi wa Kadutu alikuwa hagusi buji ya gari, plagi ya kuwashia moto, bila kupangusa mikono kwanza. Kitambaa chake chekundu kilikaa mfukoni kama leso ya padri, naye alipangusa kidole kimoja kimoja, akisema kwa ile sauti yake ya mafua, "Mukono ya buchafu inasingiziaka buji." Ndipo alipoifungua, akainusa, akaigeuza kwenye jua. Ikiwa nyeusi, motere inakunywa esanse bure, petroli yote ikiishia injini. Ikiwa ya kahawia, motere ni nzima, na esanse imekwenda kwingine.

Bisimwa, shofa wa komanda, aliyajua hayo alipoliendesha jipu la komanda hadi kwa fundi. Jipu lilikuwa limezeeka kweli, lakini bidoni mbili, madumu ya esanse ya komanda, alimpa shemeji yake wa Kavumu, amkimbize hospitali mkewe huyo shemeji, mwenye uchungu wa kuzaa.

"Fundi," komanda aliuliza, mkono kwenye bastola, "gari iko inakunywa sana, ao iko mutu anakunywa pamoja nayo?"

"Buji itasema, papa komanda."

Fundi akainama nyuma ya kifuniko cha motere. Bisimwa, aliyesimama ubavuni mwake, akaiona buji ikitoka, kahawia kama ganda la karanga. Fundi akamtazama mara moja tu. Kitambaa kikabaki mfukoni. Vidole vyenye masizi vikaizungusha buji taratibu, mara mbili, mara tatu, kisha vikaitoa juani.

"Nyeusi."

Komanda akaitazama kwa muda mrefu. Akatema mate. "Tengeneza."

Jipu lilipobaki na wao wawili tu, fundi akatoa kitambaa. Akapangusa kidole kimoja kimoja, kisha akaipangusa na buji.