Mkorea Aliyesema Tawa

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, mwanangu, na siikumbuki kwa furaha. Nitakusimulia, lakini weka hiyo simu chini kwanza. Najua mmezoea hadithi za dakika moja. Hii haitaki haraka, na mimi leo nimechoka kusema jambo lile lile kwa upole.

Kilichonichosha ni hiki. Juzi nilikuwa soko la Kitale nanunua viazi. Kando yangu alisimama mama mmoja mgeni, mtu wa makamo, anachagua kabichi. Wakapita vijana watatu waliovaa vizuri, watoto wa watu, wakaanza kumwimbia ati "ching chong, ching chong." Yule mama akawageukia akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mimi si Mchina. Mimi ni Mkorea." Mmoja akamjibu, "Si ni yale yale, bana." Wakacheka wakaenda zao.

Ati ni yale yale! Hapa kwetu Mbukusu akiitwa Mtachoni, jirani yake tu, atakalisha watu chini awaeleze tofauti mpaka chai ipoe. Lakini taifa zima lenye lugha yake, maandishi yake na wafalme wake wa kale, hilo ni yale yale. Na hao hao vijana wakifika nyumbani wanakaa mbele ya filamu za Kikorea wanalia mpaka macho yanavimba. Mimi siwaelewi. Nilitaka kuwafuata niwaambie neno, ila niliona haya, kwa sababu nyani haoni kundule, na mimi langu nililiona zamani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa msaidizi katika zahanati ndogo ya kanisa karibu na Kiminini. Nilipima watoto uzito, nilifagia, na wazee wasiojua Kiswahili walipokuja niliwatafsiria Kibukusu. Aliyesimamia zahanati alikuwa muuguzi kutoka Korea, Sista Han, mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Alikuwa ametimiza miaka miwili nasi. Watu walimwita Mchina, na mimi niliyejua jina lake na nchi yake niliwaacha wamwite hivyo. Kusahihisha kungenigharimu nini? Hakuna. Nilikuwa mvivu tu wa heshima.

Na alikuwa mtu wa heshima kweli. Akikupa kitu, hata kama ni kidonge, anakupa kwa mikono miwili, au mkono wa kuume umeshikwa na wa kushoto kwenye kiwiko, vile vile mama zetu walivyotufundisha kumsalimu mkubwa. Anavua viatu mlangoni. Anakata kabichi, anazitia chumvi, pilipili na kitunguu saumu, anazifungia kwenye mtungi zichachuke. Chakula cha kwao hicho. Siku ya kufungua mtungi mimi nilikuwa naziba pua na kukimbia nje kwa vituko, wagonjwa wacheke. Mimi, binti wa nyumba ambamo pombe ya busaa ilichachuka kila Ijumaa mpaka ng'ombe wanapiga chafya!

Sasa sikia ujinga wenyewe. Nilisoma sekondari Kitale, na wasichana wa kule walinicheka miaka minne. Unajua ndimi zetu za Bungoma. Gari kwetu ni kari, baba ni papa, lala na rara hatuzitenganishi sana. Nikisimama kusoma darasani, nyuma wanaanza, "Kari! Kari!" Nililia chooni, mwanangu. Nilijifunza kusema neno kimoyomoyo mara tatu kabla ya kulitoa. Ungedhani mtu aliyepita hapo atamhurumia mwenzake. Wapi! Sista Han naye alisema kari. Alisema tawa badala ya dawa, na reo badala ya leo, na mimi nilipomsikia mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimepata mtu wa kumcheka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikawa fundi wa kumwiga. Sokoni, kisimani, baada ya kwaya, watu walikuwa wananiambia, "Nekesa, hebu tufanyie Mchina," nami nafanya.

Ikaja mvua kubwa, na baada ya mvua ugonjwa wa kuhara. Watoto wawili wa kijiji walikufa wiki moja. Sista Han akasema kisima cha soko kimeingiwa na maji machafu. Asubuhi moja tukaenda naye, akakoroga klorini kwenye ndoo, akamwaga kiasi kisimani, akawaeleza akina mama waliokuwepo: leo msichote, dawa ni kali, kesho harufu ikiisha mtachota. Alisema vizuri kabisa. Mimi nilisimama pale nikathibitisha kwa Kibukusu.

Saa saba nikaenda kwenye mashine ya kusaga na debe langu la mahindi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wana huzuni ya misiba, wakaniomba niwachekeshe. Nikafinya macho kwa vidole. Nikasema kwa ile sauti, "Nimetia tawa kwa kisima! Nyinyi kunywa! Mimi sikunywi reo!" Wakacheka. Mmoja akauliza, "Kwani yeye mwenyewe anaogopa kuyanywa?" Nami, kwa sababu kicheko kilikuwa kitamu, nikasema, "Si ni Mchina, nani anajua ametia nini." Nikabeba unga wangu nikarudi kazini.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kufikia saa tisa maneno yale yalikuwa yameshazunguka soko lote, na hakuna aliyekumbuka kwamba yalianza kama mchezo. Mgeni ametia sumu kisimani. Ndiyo maana watoto wanakufa. Sista Han alikuwa anarudi kisimani kuangalia kama kuna anayechota, nami nimemfuata nyuma. Tulipofika tukakuta watu kama arobaini, wengine na marungu, na mbele yao Barasa, baba wa mmoja wa wale watoto waliokufa. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Mtu aliyezika mtoto Jumanne huwezi kumtaka awe na akili timamu Alhamisi.

Barasa akamuuliza, "Umeweka nini kwa maji yetu?"

Sista Han akasema, "Tawa."

Wengine wakacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kile cha kwenye mashine. Sauti ikatoka nyuma, "Sema dawa!" Akasema tena, "Tawa." "Hajui hata kuisema! Ni sumu!" Barasa akainua ile ndoo aliyokorogea Sista Han klorini asubuhi, tuliyoiacha pale kisimani, iliyokuwa na mabaki mazito chini, akachota kikombe, akamsogezea mdomoni. "Kama ni dawa, kunywa."

Mimi nilijua kikombe kile kingemchoma koo na tumbo. Nilijua, mwanangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Hakupiga kelele wala hakumsukuma Barasa. Alinigeukia akasema, "Nekesa, waambie."

Nikanyamaza.

Sitakudanganya kwamba nilikosa pumzi. Pumzi ilikuwepo. Niliogopa kwamba nikisema ni mzaha wangu, marungu yatanigeukia mimi, na watu watanidharau. Nikapima maisha ya mtu na aibu yangu, nikachagua aibu isinipate. Kikombe kilikuwa kimeshagusa mdomo wake.

Aliyesema ni Mzee Simiyu, mzee wa kijiji, ambaye alikuwa amefika kwa baiskeli na hajashuka vizuri. Akamshika Barasa mkono. Hakupaza sauti. "Barasa, pole kwa mtoto. Sasa hebu sema gari."

Barasa akashangaa. "Kari," akasema.

"Na wewe uliyepiga kelele huko nyuma, njoo hapa mbele useme dawa." Hakuna aliyekuja. Mzee akasema, "Huyu mama alifika hapa hajui hata kusema jambo. Kiswahili chake chote amekiokota kwetu, sokoni na kanisani. Sasa kama anasema tawa, mwalimu wake ni nani? Mnamwua kwa ulimi mliompa nyinyi wenyewe?"

Barasa akateremsha kikombe. Ndipo mzee akauliza habari za sumu zimetoka wapi. Huyu akasema kwa fulani, fulani akasema kwenye mashine, na mwenye mashine akaninyooshea kidole. Hapo ndipo nilipofungua mdomo, baada ya kushikwa, si kabla. Nikasema ulikuwa mchezo. Mzee Simiyu akanitazama akasema, "Umesomeshwa mpaka kidato cha nne ili uje kuua mtu kwa mdomo?"

Jioni, kabla jua halijazama, Sista Han aliniita kwenye benchi la zahanati. Nilidhani ananifukuza. Akanisimulia, kwa kile Kiswahili chetu, na sitaiga sauti yake, nakupa maneno tu.

Alisema kuna wakati Japani iliitawala Korea. Ikafika mahali watoto wakakatazwa lugha yao shuleni, na watu wakashurutishwa kuchukua majina ya Kijapani. Kabla ya hayo, baba yake alikuwa kijana mdogo alipovuka bahari na kaka yake kwenda Tokyo kutafuta kazi. Siku moja ardhi ikatetemeka, mji ukaanguka ukawaka moto, na katika kilio kile watu wakaanza kusema Wakorea wametia sumu visimani. Hakuna aliyeona Mkorea kisimani. Yalisemwa tu. Wanaume wakafunga njia, wakawa wanawasimamisha wapita njia na kuwaambia watamke maneno fulani yenye sauti ambayo ulimi wa Mkorea hauipati sawasawa. Anayekosea anauawa. Baba yake mkubwa alikosea. Baba yake mwenyewe alipona kwa sababu jirani mmoja Mjapani alimficha stooni nyuma ya magunia ya mchele, akawadanganya waliokuja kumtafuta.

"Baba yangu alisema neno moja tu juu ya yule jirani," akaniambia. "Alisema, hakungoja kuulizwa."

Nami nikalia, naye hakunibembeleza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya Kiswahili kwangu.

Hakunifukuza. Alikaa nasi miaka mitatu zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na kweli tulipona. Kisima kilisafishwa, na kuhara kukaisha. Barasa alimletea kuku kuomba radhi, naye akampokea kwa mikono miwili. Aliongea Kiswahili na kila mtu, tena alikiongea sana. Nilikuwa namsikia kupitia ukutani anataniana na wagonjwa, tawa hii, kari ile, wanacheka pamoja. Nikiingia chumbani ananyamaza. Kazi yangu aliniandikia kwenye karatasi: pima watoto, chemsha sindano, nenda nyumbani mapema kuna mvua. Aliandika kwa mwandiko mzuri na kwa adabu. Sauti hakunipa tena.

Siku aliyokuwa anaondoka kurudi kwao nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha. Akaniinua. Akatoa karatasi mfukoni, akaandika, akanipa kwa mikono miwili. Ilisema: Nimekusamehe, Nekesa. Nilitaka kulisikia neno hilo, mwanangu. Ningetoa chochote nilisikie, hata lingetoka limepinda vipi. Gari la kanisa likaja akapanda, na baada ya miaka michache tukaletewa habari kwamba amefariki kwao.

Basi nasaha yangu ni hii, na usitazame ukutani ninaposema. Mtu aliyejisumbua kujifunza lugha yako amekupa heshima. Ukimcheka unamfundisha kunyamaza mbele yako, na hutajua aliyokuwa anataka kukwambia. Muulize jina lake na kwao ni wapi, kisha uwarekebishe wenzako wanaokosea, kwa sababu hilo halikugharimu kitu. Usijidanganye kwamba mzaha ni mdogo. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa, na tulioonja mabaya ya kuchekwa ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Na ukikosea, maana utakosea, sema wewe mwenyewe ungali na nafasi. Usingoje mzee ashuke kwenye baiskeli, wala usingoje kuulizwa.

Nenda basi. Mungu akuzidishie masikio kuliko mdomo. Na siku utakapokuwa ugenini, maneno yanakukataa kinywani na watu wanakutazama, Mungu akuwekee hapo mtu mmoja tu atakayekusikiliza mpaka umalize.