Mama wa Kwenye Picha

Mdogo wangu alibandika picha ya mama wa kizungu juu ya kitanda chake cha bweni, na alimwita mama. Mama yetu mzazi amezikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, hapa Kirua Vunjo, na baba yuko kando yake. Mimi niliacha shule kidato cha pili ili nimlee huyo mdogo wangu, na kwake nimebaki kuwa dada tu.

Kituo cha yatima kilichomsomesha kilituambia kwamba mama huyo ndiye anayelipa ada. Nilimwonea wivu mtu ambaye sijawahi hata kumsikia akikohoa.

Hata hivyo nilitaka kushukuru. Kila mara kituo kilipoleta wageni kwetu, niliwakaangia kahawa ya shambani. Walitwanga kwa zamu kwenye kinu cha mama, wakapiga makofi, wakanywa, kisha wakapelekwa kuyaona makaburi. Sikudai kitu.

Siku moja sukari iliisha. Nikamwomba dereva wao, kijana wa Bomang'ombe, awaombe wageni wachangie kidogo.

"Dada, hawa wameshalipia kila kitu ofisini," akacheka. "Kahawa, kinu, makaburi, mpaka wewe mwenyewe! Kwani hukuambiwa? Hela hiyo ndiyo inayosomesha watoto."

"Na yule mama wa kwenye picha?"

"Yule? Alikuja mara moja na wenzake, akapigwa picha, akaondoka. Kile kikombe alichoshika pichani si ulimpa wewe?"

Miaka yote hiyo niliitazama ile picha kwa kijicho, wala sikumtambua.

Nilitaka kufunga geti. Lakini nikifunga, mdogo wangu atarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi. Nikaliacha wazi. Makaburi tu ndiyo niliyoyazungushia masale, mmea wetu wa kuwekea mipaka, mgeni asipite.

Likizo ilipofika, wageni walikuja tena. Mdogo wangu akawachungulia kutoka mlangoni.

"Dada, mama hayumo?"

Nikampa mchi. "Twanga. Ada yako inatoka humu."

"Dada na utani wako!"

Sikucheka. Akamgeukia dereva, na dereva akainamia viatu vyake. Kicheko kikamkauka. Akakifuata kinu, akaanza kutwanga polepole. Wageni walimwita ageukie kamera, lakini yeye alikuwa akinitazama mimi.