Mkanda Niliompora Mtani

Injini zote nilizokuwa nimezifunga Tabora zilikuwa za mnyororo, si za mkanda. Nilikuwa na sifa yangu: ukisikia lori la ushirika linanguruma vizuri barabara ya Nzega, aghalabu mnyororo wake niliuweka mimi. Kisha karakana yetu ikaletewa fundi wa Kizaramo kutoka Dar es Salaam, na sifa zikaanza kuhama. Hata mama wa chai alianza kumwekea yeye kitumbua kikubwa.

Siku gari dogo la padre lilipoingia, mkanda wake wa taimingi umeanza kupasuka, msimamizi alitangaza kwamba atakayefunga mpya ndiye atakayekabidhiwa kazi zote za injini. Kisha kazi hiyo akampa Mzaramo. Mkanda mpya ulikuwa huo mmoja tu. Padre aliuagiza kwao ng’ambo, maana madukani vipuri havikuwapo.

Wivu uliniwasha kama upupu. Kumnunia nisingeweza. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakikutana kwenye njia ya misafara, wetu wakiwa wapagazi, na mtani hanuniwi. Lakini mtani anaporwa. Nikaunyakua mkanda mkononi mwake.

“Cha mtani ni changu,” nikasema.

Hakuweza kukataa. Akageuza debe, akakaa. “Haya, mpagazi. Beba.”

Kazi hii si ngumu kuielewa. Injini ina shafti mbili: ya chini inazungushwa na pistoni, ya juu inafungua vali. Mkanda wenye meno unaziunganisha ziende pamoja. Zikipishana, pistoni inapanda wakati vali bado iko wazi, vinagongana. Kwa hiyo kila gurudumu la meno lina alama, na lazima itazamane na alama iliyo kwenye injini kabla hujavisha mkanda.

Nikazipanga, nikavisha, nikakaza kwa kikaza, kile kigurudumu kinachousukuma mkanda ubane. Nikaizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili. Alama ya juu ikapitwa kwa jino moja. Nikafungua, nikarudia. Jino lile lile.

“Mnyamwezi hatui mzigo,” akasema mtani, akipuliza chai. “Hata akiwa kaubeba juu chini.”

“Nyamaza. Ninyi mnajua kucheza ngoma tu.”

“Ndiyo maana tunajua mdundo ukikosewa.”

Angeniacha hapo angenimaliza. Badala yake aliinuka, akanionyesha kwa kidole. “Ulegevu umeuacha upande huu, na kikaza kiko upande ule. Ukikaza, gurudumu linavutwa. Anzia chini, panda na upande usio na kikaza, uvute uwe kama kamba ya kuanikia nguo. Kinacholegea kibaki kwenye kikaza.”

Nikafanya hivyo. Alama zikatazamana. Nikazungusha, zikatazamana tena. Gari likawaka bila kusumbua.

Msimamizi akaja. “Nani kafunga?”

“Mnyamwezi,” akasema mtani. “Mimi nilikuwa nakunywa chai.”

Iliniuma kuliko matusi. Afadhali angejisifu, nipate cha kumchukia. Msimamizi akaitazama ile mikono safi ya Mzaramo, akaamua: injini nitafunga mimi, na Mzaramo, aliyemwamini tangu mwanzo, atakagua kabla hazijawashwa.

Nilipata nilichokitaka, na jicho la mtani juu yake. Kwa hiyo wewe unayejifunza, usiogope. Zungusha mara mbili, tazama alama, kisha zungusha tena mara mbili. Mimi sikufundishwa hilo na subira. Nilifanya hivyo kila siku ili yule bwana asikute kosa.