Mluzi Mara Mbili

Mume wangu Onema haombi msaada. Gunia la muhogo anabeba mwenyewe, mlango ukikwama anaupiga bega mwenyewe, na tumbo likimuuma ananyamaza mpaka nigundue kwa sahani iliyorudi na chakula. Miaka ishirini na miwili ya ndoa nimeiita tabia hiyo kiburi, hata mbele ya wakwe. Sasa imebidi niyameze maneno yangu.

Kazi yake ni kupeleka chanjo kwa pikipiki kutoka mji wetu wa Kindu, huku Kongo, hadi vituo vya afya vya Pangi. Sanduku lenye barafu hufungwa nyuma. Barafu ikiisha, chanjo imeharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wanarudi bure. Mwezi uliopita, alipokwisha kupita Kalima, gurudumu la mbele liliteleza kwenye mteremko wa udongo mwekundu, pikipiki ikalala ubavu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Muuguzi Adèle alikuwa akimtarajia kituoni kabla ya saa sita.

Pikipiki ile ina kilo zaidi ya mia. Onema ana namna yake ya kuiinua. Anaipa mgongo, anachuchumaa mpaka makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine chini ya keria, kisha anaisukuma kwa miguu huku akirudi nyuma kidogo kidogo. Siku ile magurudumu yalielekea juu ya mlima, na ikilala hivyo haiinuki, basi kwanza akaivuta kwa nyuma kidogo kidogo mpaka ikageuka. Akafungua kamba za sanduku, akaliweka kivulini. Akachuchumaa. Pikipiki ikapanda hadi usawa wa magoti, visigino vyake vikateleza, ikaanguka. Alijaribu tena na tena mpaka mapaja yakatetemeka.

Kila mtu wa barabara ile anajua la kufanya. Wakati wa vita, treni iliposimama, vijana wa Kindu walisukuma baiskeli zenye chumvi na mafuta ya mawese siku nyingi porini. Aliyeanguka alipiga mluzi mara mbili, na aliye karibu akaja kumwinulia. Bila mluzi hakuna aliyegusa mzigo wa mwingine, maana aliyeugusa bila kuitwa alihesabiwa mwizi. Desturi hiyo ipo mpaka leo.

Onema hakupiga. Alikuwa hajapiga tangu siku moja ya mwaka 1999. Siku hiyo alikuwa mbele na baiskeli yake, rafiki yake Anaclet nyuma. Akasikia mluzi mara mbili. Akasikia pia sauti za watu wenye bunduki. Akasimama. Mluzi ukarudi, mara mbili tena. Yeye akasukuma baiskeli yake, akaenda. Anaclet hakuonekana tena. Onema akajiambia kwamba asiyeitika hana haki ya kuita, na hakumwambia mtu, hata mimi.

Jua lilipofika kwenye sanduku alilitikisa kidogo, akasikia maji. Aliwaza wale watoto. Akalowesha midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Kisha mluzi ukatoka, mara mbili.

Hatua thelathini tu kutoka pale, majani yakafunguka. Wakatoka mwanamke na mwanamume, wachimbaji wa madini, wakiwa na majembe yao.

"Papa, tuko hapa tangu ulianguka," mwanamke alisema. Jina lake Nuru. "Tulikuwa tunakuonea huruma sana."

"Sasa juu ya nini hamukukuya?"

"Haukuita. Muzigo ya mutu tutaigusa namna gani?"

Watatu waliiinua kwa pumzi moja. Kule kituoni, Adèle alipofungua sanduku, vilikuwa vimebaki vipande viwili vya barafu, vidogo kama kidole gumba. Vilitosha.

Onema aliporudi nyumbani alinieleza yote, kisha akaniomba nimsindikize. Ndiyo, aliomba! Tukavuka mto hadi Alunguli, kwa mama Geneviève, mama yake Anaclet. Miaka yote hii Onema amekuwa akimtengenezea paa na kumpelekea kuni, nami nilidhani ni wema tu. Mama alikuwa ameketi mkekani, akimenya karanga. Onema akamwambia.

Mikono ya mama ikasimama. Niliogopa.

"Alipiga mara ngapi?"

"Mara ine, mama. Mbili, kiisha mbili."

"Na haukurudi."

"Sikurudi, mama."

Kuku wakaja kula karanga zake na hakuwafukuza. Mwishowe akamnyooshea Onema mkono.

"Niinue," alisema. "Magoti yangu haisimame tena peke yake."

Onema alichuchumaa mbele yake kama anavyochuchumaa kwa pikipiki, akamshika, akashindwa kuinuka kwa kulia. Ikabidi niwainue wote wawili.